Mtoto Aliyelinda Viatu: Je, Darasa ni Haki Yake au ni Sadaka Yetu?



Ndugu msomaji, makala hii naianza kwa kosa langu mwenyewe. Ningeweza kuianza kwa makosa ya walimu, ya wazazi au ya serikali, lakini ungedhani mimi nimesimama pembeni nikitazama. Sikusimama pembeni.

Likizo moja nilirudi kwetu Mulanda, wilaya ya Tororo, na wazee wakaniomba nisaidie madrasa ya jioni. Watoto walikuwa arubaini na kidogo. Maulidi yalikuwa yanakaribia, nami nilikuwa nimewaahidi wazee kwamba watoto watasimama mbele ya watu na kusoma sura fupi kumi bila kukwama. Miongoni mwa watoto hao alikuwemo mtoto wa baba yangu mdogo, wa miaka tisa. Akiwa na miaka mitatu aliugua malaria kali iliyompanda kichwani. Alipona, alhamdulillahi, lakini sikio lake la kushoto halisikii, maneno humtoka kwa taabu, na mara mojamoja huanguka kifafa. Tukisoma kwa pamoja, yeye alikuwa nyuma kwa aya moja. Wenzake wakimaliza, sauti yake ilibaki peke yake, nao wakacheka.

Siku ya tatu nikamwambia: "Wewe utatulindia viatu." Akafurahi. Alidhani nimempa cheo. Kila jioni, kwa wiki mbili, alivipanga viatu vya wenzake mlangoni, jozi kwa jozi, vidole vikiangalia nje ili kila mtu akitoka avae bila kugeuka. Ndani, sisi tulisoma vizuri sana.

Mama yake alipita siku moja akitoka kisimani. Akaniuliza, "Ustadhi, ndugu yako amefika sura gani?" Nikajibu kwamba yeye analinda viatu. Akavitazama vile viatu kwa muda, kisha akasema, "Viatu vya hapa haviibiwi, ustadhi." Akamshika mwanawe mkono, wakaondoka.

Hakuniambia neno lingine. Lakini mimi nasomea elimu ya Kiislamu. Nimefundishwa kuuliza juu ya kila kitendo: hukumu yake ni ipi? Basi nikajiuliza juu ya kile nilichokitenda. Je, nilimnyima mtoto yule sadaka ambayo ningeitoa ningepata thawabu, na nisipoitoa sina dhambi? Au nilimnyima haki, na mnyima haki ni dhalimu?

Hilo ndilo swali la makala hii, na si la madrasa peke yake. Ni swali la kila shule ya msingi ya kawaida ambayo ndani yake amekaa mtoto asiyesikia vizuri, asiyeona ubao, mwenye kifafa, mwenye usonji, au ambaye kujifunza kwake ni kwa polepole kuliko wenzake.

Kwetu jambo hili si la mbali

Mulanda ni mashambani. Tunalima mihogo, mtama, wimbi na karanga. Ukitaka mji unakwenda Tororo, na ukitaka mpaka unakwenda Busia au Malaba. Ni nchi ya malaria. Nagongera, jirani yetu, kwa miaka mingi palikuwa miongoni mwa mahali penye maambukizi makali mno, na watafiti wa malaria wamefanya kazi pale miaka nenda miaka rudi. Upuliziaji wa dawa majumbani ulioanza mwishoni mwa 2014 ulipunguza ugonjwa kwa kiasi kikubwa, lakini haukuwarudishia watoto kile ambacho malaria ilikuwa imekwisha kuwachukulia. Malaria inayofika kwenye ubongo humwacha mtoto mwingine na kifafa, mwingine na usikivu mdogo, mwingine na usemi mzito au kumbukumbu inayoteleza. Watoto hao hawaonekani kama walemavu. Wanatembea, wanacheza mpira, wanachunga mbuzi. Ulemavu wao huonekana darasani tu, na darasani hupewa majina: mvivu, mjinga, kiziwi.

Kwa sheria, mtoto huyu si mgeni shuleni. Katiba ya Uganda ya 1995 inasema kila mtu ana haki ya elimu, na inawatambua watu wenye ulemavu kuwa na haki ya heshima na utu. Hata kukuza lugha ya alama kumetajwa humo. Serikali ilipoanza mpango wa elimu ya msingi ya bure, UPE, mwaka 1997, mwanzoni nafasi zilikuwa za watoto wanne kwa kila familia, na ikaelekezwa kwamba mtoto mwenye ulemavu atangulizwe. Mwaka 2008 Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Kenya jirani yetu iliuridhia mwaka huohuo. Kenya ilikuwa imeanza vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalum tangu 1984, na mwaka 1986 ikafungua chuo cha walimu wao. Kwetu, chuo cha elimu maalum kilichokuwa Kyambogo kiliingizwa katika Chuo Kikuu cha Kyambogo mwaka 2003.

Kwa hiyo mlango umefunguliwa kwa maandishi. Mtoto anaandikishwa, anahesabiwa, anavaa sare. Swali linaanzia pale ambapo amekwisha kuingia na kukaa.

Mwalimu wa watoto tisini na wanne

Nilikwenda kumwona mwalimu wa ndugu yangu huyu katika shule yake. Sikwenda kumlaumu; ningemlaumu kwa kinywa gani? Darasa lake la P.3 lina watoto tisini na wanne, nao wanakaa watano kwenye dawati la watatu. Akaniambia kwa upole: "Mwanangu, nikisimama kwake dakika kumi, wale tisini na watatu nimewanyang'anya dakika kumi. Nao si watoto wa watu? Hiyo ndiyo haki?"

Ndugu msomaji, usiharakishe kumjibu. Hii ni hoja nzito. Haimchukii mtoto mwenye mahitaji maalum. Inasema kwamba muda wa mwalimu ni kama chakula kwenye sinia: ukimwongezea mmoja, mwingine kapungukiwa. Mtu mwenye hoja hii ataona kumsaidia mtoto yule ni ihsani, jambo zuri likiwezekana, lakini uadilifu ni kumpa kila mmoja sawasawa. Mimi pia ndivyo nilivyofikiri mlangoni mwa madrasa. Nilidhani nawatendea uadilifu wale arubaini.

Jibu lililonitikisa sikulipata kwenye kitabu cha ualimu. Nililipata katika somo la fiqhi ya sala.

Mwendo wa jamaa

Sote tunakijua kisa cha Muadh bin Jabal (R.A.). Alikuwa akiwasalisha watu wake, na usiku mmoja akaanza kuwasomea Suratul Baqara. Mtu mmoja aliyekuwa amechoka na kazi akajitenga, akasali peke yake, akaondoka. Habari ikafika kwa Mtume (S.A.W.). Kwa hesabu ya kawaida, aliyekosa ni yule aliyeikimbia jamaa. Lakini aliyekaripiwa, tena kwa ukali, ni Muadh, mwanachuoni mkubwa miongoni mwa masahaba. Alielekezwa asome sura fupi, kwa kuwa nyuma yake wapo wazee, wanyonge na wenye haja zao. Na sahaba mwingine, Uthman bin Abil-Aas, alipoomba afanywe imamu wa watu wake, alipewa uimamu pamoja na agizo kwamba mwendo wake aupime kwa yule aliye dhaifu kuliko wote.

Zingatia agizo hilo. Hakuambiwa aufuate mwendo wa wengi, wala wa aliye hodari, wala wa wastani. Katika ibada iliyo nguzo ya dini, kipimo cha mwendo ni mtu wa mwisho.

Sasa ipime hoja ya mwalimu wetu, na yangu, kwa mizani hii. Je, Muadh alipotakiwa afupishe, wale wenye nguvu waliokuwa wakifurahia kisomo kirefu walidhulumiwa? Hakuna mwanachuoni aliyesema hivyo. Kwa nini? Kwa sababu walichopunguziwa hakikuwa haki yao ndani ya jamaa. Haki yao ni sala iliyo timamu: Fatiha, rukuu, sijda, utulivu. Hayo hayapunguzwi kwa ajili ya yeyote. Kinachopunguzwa ni urefu wa ziada, na anayeutaka urefu huo ana nafasi ya kurefusha anaposali peke yake. Lakini yule mnyonge, ukirefusha, hukumpunguzia ziada. Umemtoa katika sala yenyewe.

Hapa ndipo sinia la chakula linapotudanganya. Dakika za darasani si vipande vya nyama vinavyolingana. Dakika kumi kwa mtoto aliyekwisha kuelewa kujumlisha ni zoezi la ishirini baada ya kumi na tisa. Dakika hizohizo kwa mtoto ambaye hakulisikia swali ndiyo tofauti kati ya kuwa shuleni na kulinda viatu. Kuwapa wote sawasawa ni usawa. Uadilifu ni kumpa kila mmoja kile ambacho bila hicho hamo kabisa.

Na kipo jambo jingine ambalo fiqhi inatufunza. Imamu hakuambiwa aifute jamaa kwa sababu ya mnyonge, wala hakuambiwa amweke mnyonge nje ili jamaa iende kasi. Njia zote mbili zingekuwa rahisi. Aliambiwa aibadilishe namna ya kuisalisha. Mzigo wa kubadilika uko kwa aliye mbele.

Vipofu wawili, majibu mawili

Lakini tusije tukaifanya rehema kuwa jina jingine la kumpuuza mtu. Ipo hadithi katika Sahihi Muslim ya mtu kipofu aliyemwendea Mtume (S.A.W.) akieleza kuwa hana wa kumwongoza msikitini, akaomba ruhusa ya kusali nyumbani. Akaruhusiwa. Alipogeuka kuondoka akaitwa, akaulizwa kama anausikia wito wa sala. Akasema anausikia. Akaambiwa auitikie.

Na ipo hadithi ya Itban bin Malik (R.A.), ambaye macho yake yalidhoofika, na mvua ikinyesha bonde lilimzuia kuufikia msikiti wa watu wake. Akamwomba Mtume (S.A.W.) aje asali nyumbani kwake mahali atakapopafanya msala. Mtume akaenda, yeye na Abubakar, akauliza ni wapi angependa wasali, wakasali pale.

Watu wawili wenye tatizo la macho: mmoja anaambiwa njoo, mwingine anafuatwa nyumbani. Wanachuoni wana maelezo marefu ya kuzioanisha hadithi hizi, na mimi si mtu wa kuwasahihisha. Ninachojifunza ni hiki: kila mmoja aliulizwa swali lake. "Unasikia wito?" "Unapenda tusali wapi?" Hakuna aliyehukumiwa kwa neno "kipofu" peke yake. Na katika majibu yote mawili hakuna kumwacha mtu pembeni. Wa kwanza alitarajiwa; na kumtarajia mtu ni heshima ambayo mtoto anayelinda viatu haipati, kwa kuwa hakuna anayetarajia chochote kutoka kwake.

Hili linatusaidia katika mjadala wa elimu jumuishi. Wapo wanaosema kila mtoto lazima awe katika shule ya kawaida, na wapo wanaosema kila mwenye ulemavu apelekwe shule maalum. Tangu Tamko la Salamanca la 1994 dunia imeelekea upande wa kwanza, nami naelekea huko. Lakini mtoto kiziwi kabisa, asiye na mtu hata mmoja wa kuzungumza naye kwa lugha ya alama, akiwekwa katikati ya watoto tisini wanaosema, amewekwa peke yake. Yeye huenda anahitaji shule yenye viziwi wenzake ili apate lugha kwanza. Ndugu yangu wa Mulanda hayuko hivyo: sikio moja linasikia, anasema japo kwa taabu, na kwao ndiko waliko watu wake. Swali si "shule ipi ni ya walemavu?" Swali ni "mtoto huyu anasikia wito gani, na nini kinamzuia kuuitikia?"

Shughuli njema si udhuru

Sura ya Abasa tunaisoma tangu utotoni. Ilikuwa miongoni mwa zile kumi nilizokuwa nikiwafundisha watoto kwa ajili ya Maulidi. Sikucheka nilipolikumbuka hilo.

Tunajua ilishuka kwa sababu ya Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.), kipofu aliyekuja kutaka kufundishwa wakati Mtume (S.A.W.) alikuwa na wakubwa wa Kureshi, akitarajia wasilimu. Shughuli ile ilikuwa njema kuliko shughuli zote: ni da'wa. Lau ipo shughuli ambayo ingefaa kuwa udhuru, ilikuwa ile. Na bado Allah (S.W.) akateremsha Kur-ani kumwelekeza Mtume wake kwa yule aliyekuja mwenyewe akitaka kujitakasa. Baadaye Ibn Ummi Maktum akawa muadhini pamoja na Bilal, na Mtume alipotoka Madina alimwachia mji zaidi ya mara moja.

Mimi nilikuwa na Maulidi. Mwalimu ana mtaala wa kumaliza. Mwalimu mkuu ana matokeo ya PLE ambayo wilaya itayatazama. Zote ni shughuli njema. Hakuna aliyekuwa akifanya uovu. Na hapo ndipo pa kujihadhari, kwa sababu watu wema wakiwa na shughuli njema hawamwoni aliyesimama mlangoni.

Hoja tatu tunazozisikia majumbani

Ya kwanza ni qadari: "Mungu kamuumba hivyo, tusubiri." Subira ni ibada, lakini Umar (R.A.) alipoacha kuingia Sham kwa sababu ya tauni na akaulizwa kama anaikimbia qadari ya Allah, jibu lake lilikuwa kwamba anatoka katika qadari ya Allah kwenda katika qadari ya Allah. Malaria nayo ni qadari, na bado tunalala ndani ya chandarua. Kama kinga ni halali kabla ya ugonjwa, msaada ni halali baada yake. Na wanaosema mtoto wa namna hii ni adhabu ya dhambi za mama yake au ni jini, wanadai kuijua ghaibu. Hao waulizwe dalili.

Ya pili ni ya kisomi kidogo, na niliisikia kwa mwanafunzi mwenzangu: "Mtoto huyu akibaleghe huenda hata asiwe mukallafu. Kama sheria imemwondolea wajibu, kwa nini tumbebeshe masomo?" Jibu liko katika usulul-fiqhi tunayofundishwa. Wanachuoni wametofautisha ahliyyatul-adaa, yaani ustahiki wa kutenda na kuwajibika, ambao unahitaji akili na utambuzi, na ahliyyatul-wujuub, yaani ustahiki wa kuwa na haki, ambao kila mwanadamu anao kwa kuwa ni mwanadamu tu. Mtoto aliye tumboni anawekewa fungu lake la mirathi kabla hajavuta pumzi. Mwenye maradhi ya akili mali yake hailiwi. Basi kuondolewa wajibu hakumwondolei mtu haki zake. Kalamu iliyoinuliwa kwake haikuinuliwa kwetu.

Ya tatu huja na sura ya kumtetea: "Msimdharau, huenda akawa kama Taha Hussein." Ni kweli, Taha Hussein wa Misri alipofuka utotoni, akasoma Azhar, na mwaka 1950 akawa waziri wa elimu. Ni kweli pia kwamba Ataa bin Abi Rabaah alikuwa mlemavu na alikuwa mufti wa Makka katika zama za Tabiina, na kwamba Sheikh Ibn Baz alikuwa kipofu na akawa Mufti Mkuu wa Saudia kuanzia 1993. Nawapenda mifano hii, lakini naiogopa ikigeuzwa kuwa sharti. Ndugu yangu huenda asiwe mufti wala waziri. Huenda mwisho wake ukawa kusoma Fatiha kwa usahihi, kuandika jina lake, kuhesabu chenji sokoni asidhulumiwe, na kujua saa ya dawa yake. Je, hayo hayatoshi kumpa kiti darasani? Imepokewa kwamba Saad bin Abi Waqqaas (R.A.) alipojiona ana ubora juu ya wengine, Mtume (S.A.W.) alimkumbusha kuwa umma huu unanusuriwa na kuruzukiwa kwa sababu ya wanyonge wake. Hakusema ni kwa sababu ya wanyonge watakaokuja kuwa wakubwa.

Haki ya mtu ni deni la nani?

Kama ni haki, basi ni deni, na deni lina mdaiwa. Hapa lazima tuwe waadilifu kwa mwalimu pia. Kumwachia mtu mmoja mwenye watoto tisini na wanne deni zima, kisha tukamwita mkatili, huo nao ni udhalimu. Allah haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake, na mwalimu naye ni nafsi.

Naona ni fardhi kifaya, na fardhi kifaya isipotekelezwa dhambi huenea kwa kila aliyeweza akaacha. Serikali ina sehemu yake: walimu wa kutosha na waliofunzwa. Wazazi wana yao: wasimfiche mtoto nyumbani. Na sisi tunaosoma chuo kikuu tuna yetu, hasa tunaorudi vijijini kila likizo na kuitwa ustadhi. Babu zetu Waislamu wa Uganda walijua maana ya kuwa nje ya mlango wa shule. Shule nyingi zilikuwa za misheni, na mzazi alihofu mwanawe atarudi na jina jingine na dini nyingine. Ndiyo maana katika miaka ya 1940 waliunda jumuiya yao ya elimu, UMEA, wakajenga shule. Waliokwisha kuachwa nje hawafai kumwacha mtu nje.

Mengi yaliyo katika uwezo wetu hayahitaji fedha. Yule mwalimu wa P.3, tulipozungumza mara ya pili, tuliyaorodhesha pamoja nyuma ya daftari. Mtoto akae mbele, upande ambao sikio lake zima linamwelekea mwalimu. Mwalimu aseme akiwa amewaangalia, asiseme huku akiandika ubaoni. Swali liandikwe pamoja na kutamkwa. Awekwe karibu na mwenzake mwenye subira atakayemrudia maelezo. Na huyo mwenzake hapotezi kitu, kwa maana anayefundisha hujifunza mara mbili. Kazi ya maswali kumi iwe ya manne, na afanye manne hayo kwa ukamilifu. Hesabu zifanywe kwa vizibo vya soda na mawe kabla ya tarakimu. Apewe muda zaidi. Baraza la mitihani lenyewe, UNEB, huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalum muda wa nyongeza katika PLE. Itakuwa ajabu kumpa mtoto siku ya mwisho kile tulichomnyima miaka saba.

Na darasa lote lifundishwe juu ya kifafa. Hakiambukizi, wala kwa mate wala kwa kugusa. Mtoto akianguka, wenzake waondoe mawe na madawati karibu naye, wamlaze ubavu, wamwekee kitu laini chini ya kichwa, wasimbane mikono, wala wasimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Degedege likipita dakika tano, apelekwe kituo cha afya mara moja. Mtoto wa miaka minane anaweza kuyajua haya yote. Siku atakapoyajua ataacha kukimbia, na aliyeanguka atazinduka akiwa na wenzake badala ya kuzindukia katika uwanja mtupu.

Kuhusu kuomba radhi

Haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake. Mpaka mwenyewe asamehe au arudishiwe. Nilikwenda kwa mama mdogo nikamwomba radhi. Akasema, "Mimi si niliyekaa nje." Basi nikamwomba mtoto. Sidhani alielewa naomba radhi kwa lipi, kwa maana yeye alidhani nilimpa cheo, na sasa nakuja kumvua.

Likizo iliyofuata nilimkalisha kulia kwangu, sikio zima upande wangu, na tukapunguza mwendo. Sura kumi zikawa nne. Mzee mmoja aliuliza mbona mwaka huu watoto wamepungua kisomo. Nikamwambia hawakupungua, wameongezeka mmoja. Hakuridhika sana, nami sikumlaumu. Mtoto mwenyewe bado yuko nyuma, ila sasa si kwa aya nzima, ni kwa neno moja au mawili. Wenzake wamezoea kumngoja mwisho wa aya. Bado kila jioni anapanga viatu kabla ya kuingia. Nilimwambia si lazima, akakataa kuacha. Anavipanga haraka, kisha anaingia.

Ndugu zangu, makaka na madada, likizo inakuja na wengi wetu tutarudi makwetu. Katika madrasa yako, katika shule ya msingi iliyo jirani nawe, mtazame mtoto aliyepewa kazi ndogo ili wengine wasome: anayechota maji ya walimu, anayechunga mbuzi wa shule, anayefuta ubao asioweza kuusoma. Muulize mwalimu wake jina la mtoto huyo. Kisha muulize mtoto mwenyewe anasikia nini na anaona nini. Kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na sidhani tutaulizwa kwanza juu ya wale waliokuwa wakienda wenyewe.

Ewe Mola wetu, usitufanye miongoni mwa wenye kuzuia haki kwa shughuli njema, na utujaalie mioyo inayomngoja aliye nyuma. Aamin.

Wabillahi tawfiq.